Kiberiti Kwenye Droo ya Cherehani

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko makumbusho, wewe na wadudu wako? Mimi sijambo, ila goti.

Jana mchana nilisikia kitu kikikwaruza kwenye droo ya cherehani ya mama yako. Tangu tumzike, miezi minne sasa, sijaifungua. Kilikwaruza taratibu, kama yeye alipotafuta sindano asitake kuniamsha. Nilimwita. Usinicheke.

Nifanye nini?

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Sikucheka.

Tazama kama kuna kiberiti humo. Mama alikuwa akiniokotea wadudu na kuwaweka kwenye viberiti. Ukikuta kitu kama nyigu, usikitupe, hesabu mabawa. Nyigu ana manne. Nzi ana mawili, na nyuma yake virungu viwili vidogo. Kichwa kikiwa kipana kuliko kifua, huyo ni nzi wa kichwa kinene. Mama alinibishia mwaka mzima: “Nyigu ni nyigu, usiniletee usomi wako.”

Jike la nzi huyo humrukia nyuki angani na kumtia yai tumboni. Nyuki huendelea na maua yake, huwezi kumjua. Akikaribia kufa hujichimbia udongoni. Nzi hukaa ndani ya ganda la nyuki miezi, kisha hutoka.

Baba, kuna swali nililoshindwa kukuuliza mazishini. Mama alijua anaumwa nini? Kila nilipopiga simu aliniambia ni tumbo la uzee tu. Ningekuja.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile.

Kiberiti kilikuwepo. Nilipofungua kilikuwa kimeshanyamaza. Ningefungua siku ile ile, lakini niliogopa. Nimevaa miwani yake ya kushonea nikahesabu mara mbili: mabawa mawili. Kichwa kama mtoto aliyevaa kofia ya baba yake. Kando yake ganda la nyuki, limepasuka.

Ndani ya kifuniko mama yako ameandika: “30 Septemba. Chungu cha maua, dirisha la jikoni. Nyuki amejizika mwenyewe. Asitupwe, ndani kuna nzi. Mtoto alisema kweli.”

Siku hiyo tulitoka hospitali. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye kile chungu akawa anafukua kwa kijiko, mimi nashika mkoba. Kesho yake akanifundisha kushona kifungo. Nikamwambia, “Mama watoto, kwani unasafiri?” Akasema, “Shona, wewe, uzi unakwisha.”

Alijua. Na mimi nilijua. Alinikataza nisikuambie, nikamtii wiki tano, mpaka tukamzika. Nimekutumia kiberiti chenyewe.

Nisamehe.

Baba yako

6 Mei

Shikamoo Baba,

Habari za goti? Nimekaa kimya kwa sababu nilikukasirikia. Kila asubuhi nilikisogeza kiberiti pembeni nikafanya kazi nyingine. Na kila mchana, nakwambia kweli, nilikisikia kikikwaruza.

Leo nimekifungua. Kwanza nilitazama pembe za kichwani. Unywele ukiota mgongoni mwa pembe, nzi ni wa kundi moja. Pembe ikiishia kwa ncha, ni wa lingine. Huyu ana ncha. Nimemchoma pini, na ganda la nyuki chini yake, wasitengane. Mdudu asiye na lebo kwetu si kitu, kwa hiyo nimeandika yake. Nakuja Jumamosi, lakini nilitaka uisome kabla sijafika:

Nyuki: alifukuliwa 30 Septemba, chungu cha maua, dirisha la jikoni. Aliyemwokota: Mama.
Nzi: alitoka 3 Machi, droo ya cherehani. Aliyemsikia: Baba.
Aliyemtambua: Mama, nzi akiwa bado ndani.

Mwanao