Agawaye na Achaguaye

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie wewe na wote walio chini ya dari yako. Je, goti lako limepata nafuu? Langu limeshindwa na ngazi, lakini mbele ya Mola bado linakunjika, nami nashukuru.

Binti yangu, ambaye ni wako pia, yuko nyumbani kwa likizo. Uprofesa wa uchumi haukumbadilisha. Bado anaweka vikombe vya chai juu ya vitabu. Nilimwuliza anatafiti nini hasa. Akasema ni nadharia ya michezo: namna watu wanavyoamua pale ambapo faida ya mmoja hutegemea atakalofanya mwenzake. Nikamwambia kwamba katika miaka arobaini ya kufundisha dini sijaona mtu akilipwa mshahara kwa michezo. Shemeji yako akadakia kuwa yeye ameona wakilipwa kwa kusinzia vikaoni.

Ndipo nikamweleza aibu yetu: kwamba sisi, watu wa sala, tumeshindwa miaka sita kugawana vitabu vya marehemu baba, na tangu tulipotupiana maneno hujakanyaga kizingiti changu. Akasema dawa ni nyepesi: mmoja agawe, mwingine achague. Agawaye ataogopa kuachiwa fungu bovu, hivyo atatenda haki pasipo hakimu. Nikapendezwa mno. Ndiyo sababu nilikuletea ile orodha ya meza mbili: ya kushoto, majalada ya ngozi yenye herufi za dhahabu; ya kulia, vitabu vilivyochakaa na "daftari moja kuukuu".

Juzi binti yetu aliisoma nakala yake, akaguna. Akasema utafiti wake unaonyesha kuwa kanuni ile humpendelea agawaye, iwapo anaujua moyo wa achaguaye. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote, Baba Mdogo anapenda vitabu vya namna gani. Nikakohoa. Shemeji yako akaniletea maji, huku akicheka.

Ndugu yangu, nakiri. Nakujua tangu utotoni: king'aacho hukuita. Daftari lile ni la mawaidha ya baba, kwa mkono wake mwenyewe, na ukurasa wa mwisho ni dua aliyokuombea wewe kwa jina. Mimi sina ukurasa wangu humo, nimetafuta. Nililiita kuukuu ili ulipite. Mizani ilikuwa sawa, ila kidole changu kilikuwa juu yake.

Jibu lako limefika asubuhi hii. Sikulifungua, nalirudisha ndani ya bahasha hii, gundi yake nzima. Chagua upya, ukijua nijualo. Au afadhali uje, ugawe wewe, nami nichague. Chai itakuwa juu ya vitabu. Na kama tangu mwanzo ulichagua meza ya kulia, usiniambie upesi. Niache niaibike kidogo, kwa manufaa ya roho yangu.

Wasalimie wote nyumbani. Mola akulinde njiani, maana naamini utakuja.

Ni mimi kaka yako,
mgawaji aliyekamatwa na bintiye