Jina la Saba Daftarini Mwako

Kambi ya Wajenzi,
Chumba cha 6.

14 Machi. Leo natimiza miaka tisa na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo wewe na shemeji? Miguu ya Mama imepungua kuvimba? Mimi mzima, ila mgongo unanisuta kila asubuhi.

Hongera kwa cheo cha makamu mkuu wa chuo. Mama alinipigia akilalamika kwamba siku hizi unasaini barua kutwa nzima, historia unawafundisha wanao tu mezani. Usimjali. Anaringia cheo hicho kuliko wewe.

Sasa nikwambie jambo linaloninyima raha. Ulipoandika kwamba chuo kinakutuma huku, nilikujibu nimepelekwa mji mwingine kusimamia mafundi. Nilikudanganya. Sijawahi kumsimamia mtu. Nabeba matofali na kukoroga zege. Mimi niliyeishia darasa la sita nilitaka nawe uwe na kaka wa kujivunia.

Jumanne ile mlipoletwa kutazama maktaba mpya, nilikuwepo. Mwenyeji wenu mwenye tai alikuharakisha: "Profesa, hao vibarua tu, chai inapoa."

Wewe ukatoa daftari, kama zamani ulipowahoji wazee waliojenga reli. "Acha ipoe. Nataka majina ya waliojenga ukuta huu."

Mwenzetu tunayemwita Msumeno akadakia, "Ili ukuta ukianguka utujue, bosi?" Tulicheka wote, hata wewe.

Ukanifikia mimi, wa saba. "Na wewe, mzee?"

Mzee! Nimekupita miaka mitatu tu. Nilikuwa nimejifunga kitambaa cha vumbi usoni, kofia ngumu hadi kwenye nyusi. Nikabana sauti, nikakutajia jina la mwenzangu aliyelazwa hospitali. Ukaandika, ukanipa mkono, ukaondoka na simenti yangu kiganjani.

Nilijibanza nyuma ya matofali hadi gari lenu likatoka. Umehangaika miaka yote watu kama sisi tuandikwe kwa haki, halafu kaka yako mwenyewe anakuandikisha uongo. Nimeona haya, ndugu yangu.

Lifute jina la saba. Andika langu.

Nisalimie shemeji, watoto na shangazi. Mama usimsomee hii, nitamwambia mwenyewe. Mungu awafunike nyote.

Mkataba unaisha Juni. Tarehe nne Julai nitakuja hadi ofisini kwako, sina cheo chochote, na uso nitauacha wazi.

Kaka yako akupendaye, mbeba matofali.