Waya, Nilichagua Kitabu Kingine

Waya wangu,

Nimefaulu. Nimeanza na hilo kwa sababu wewe hukuwa na subira na hadithi za kuzunguka. Mtu akikueleza kwa urefu jinsi mtandao wake ulivyoharibika, ulimkatiza ukauliza, "Sasa inashika ama haishiki?" Inashika, Waya. Wiki ya mwisho ya likizo niliketi katika kituo cha mtihani Kisumu, kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba nimepita. Nilibaki kitini mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia. Nilitazama hata mlangoni.

Sasa nikueleze tangu mwanzo.

Homa ile ilipokuchukua kwa siku nne tu, shule ya Kisegi mlikuwa hamjamaliza kuiunganisha. Ouma na mafundi wenzako waliimaliza. Ouma anasema hawakugusa vibandiko ulivyoweka kwenye nyaya. Ukifungua kabati la swichi bado unausoma mwandiko wako: MAABARA, OFISI, CHUMBA CHA WALIMU, na kimoja umeandika ULIZA OUMA. Anacheka anapokitaja hicho, halafu anatoka nje.

Baada ya matanga alikuja hapa Ndhiwa, akaketi na Baba na mama yenu, Dani, akamwambia Baba, "Tulikuwa tumechanga dada yako Achieng' afanye ule mtihani wa mitandao. Sasa afanye huyu. Si ndiye alikuwa anasoma naye kila likizo?" Baba alinitazama. Mimi nilitazama miguu yangu. Nilisema ndiyo, lakini kwa sauti ambayo Ouma alilazimika kuuliza, "Amesema nini?"

Nafasi ilikuwa moja. Nikianguka, hakuna atakayechanga tena, na mwakani naingia kidato cha nne, ambako Baba ameshasema hataki kuona kitabu kisicho cha shule. Lakini si hilo lililonitisha zaidi. Nilijua kazi kubwa zilivyokuwa zikikupita kwa sababu hukuwa na cheti, wewe uliyewaunganisha wanunuzi wa dhahabu wa Osiri wakati mafundi wenye vyeti walikataa kukanyaga matope yale. Nilitaka cheti hicho kiingie nyumbani kwetu. Nilikitaka kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha mtu.

Basi nikachukua kitabu chako. Kile kinene, ulichokifunga mgongo kwa utepe mweusi wa stima. Nilikisoma shuleni Migori kila baada ya masomo ya jioni, wasichana wenzangu wakiniuliza kama ni Biblia. Nilikisoma miezi miwili na nusu. Na katika muda huo wote, Waya, nilifanya kosa ambalo wewe ungelinasa siku ya kwanza: sikuwahi kuuliza mtihani wenyewe unataka nini. Nilidhani kwa kuwa kitabu ni chako, ndicho.

Siku moja mwalimu wa kompyuta alinichapishia orodha ya mada kutoka kwenye tovuti ya watahini. Nilichukua penseli nikaanza kuilinganisha na yaliyomo kwenye kitabu chako. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukaanza kuwa na nafasi tupu. Mambo mengi ya mtandao usiotumia nyaya hayakuwamo. Kuandikia swichi maagizo ili zijipange zenyewe, hakuna kabisa. Na sura nzima ulizopigia mistari kwa kalamu mbili hazitahiniwi tena. Namba ya mtihani iliyo kwenye jalada lako ni ya mtihani uliokwisha ondolewa.

Nilifunga orodha ile ndani ya kitabu nikaiacha humo majuma mawili. Niliendelea kusoma kana kwamba sikuiona. Unaelewa kwa nini? Kwenye pembe za kurasa kuna maneno yako. Kuna mahali umeandika kwa Dholuo, kuna mahali umeandika kwa Kiswahili, kuna mahali umechora tu uso umekunja mdomo. Kukiweka kando kitabu kile ilikuwa kama

sijui ilikuwa kama nini. Nilikuwa nimeshakuzika mara moja.

Likizo ilipofika ilinibidi nitafute kingine. Nilikwenda saiba moja ya kompyuta mjini Migori kabla ya kurudi nyumbani. Unanijua nilivyo. Nilisimama mlangoni kwanza nikiyapanga maneno. Kijana wa pale alinitolea bunda la karatasi lililobanwa kwa pini, maswali na majibu yake. "Siste, hii ukikariri, umepita. Hakuna kufikiria." Nikamuuliza kama kuna maelezo. Akawageukia wenzake, "Ati maelezo!" Kisha akaniuliza, "Wewe unataka kusoma ama unataka cheti?" Wote walicheka. Nikalichukua bunda lile nikaondoka. Njia nzima nilikuwa najibu moyoni. Nilijibu vizuri sana.

Mwalimu naye aliniazima kitabu kipya, juzuu mbili, sentensi zake ndefu kama foleni ya maji. Kwa hiyo nilirudi Ndhiwa na vitabu vitatu: chako ninachokipenda, bunda linaloahidi kila kitu, na kile cha mwalimu kilichonitia usingizi kwenye ukurasa wa tisa. Nafasi moja. Wiki saba.

Hapo ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa ukinunua waya. Muuzaji alikusifia ngozi yake, unene wake, nchi ilikotoka, nawe ulikuwa umeshatoa kile kipimio chako, unachomeka ncha huku na ncha kule, unatazama kama taa zote nane zitawaka. "Ngozi haibebi ujumbe," ulisema. Nami nikawaza, kitabu kinapimwaje? Na wewe mwenyewe ulishanipa jibu, kila nilipokuambia nimeelewa jambo: "Haya, nenda umweleze Dani."

Nilichagua mada moja, kugawa mtandao mkubwa kuwa midogo. Nilikwenda kwa Dani, alikuwa anapeta mtama, nikaketi kwenye kigoda na vitabu vyote mapajani.

Nilianza na bunda. Nikamsomea swali, nikamwambia jibu ni C. Dani akasimamisha ungo. "C ni nani?"

Nikasema si mtu, ni jibu.

"Na kwa nini si B? B amekosa nini?"

Niligeuza karatasi huku na huku. Haikusema. Dani akaendelea kupeta. "Hiyo rudisha."

Nikafungua chako. Hapo nilieleza vizuri, Waya, kwa sababu maneno yalikuwa yako. Nilimwambia mtandao ni kama dala, boma zima la nyumbani. Una ua wake. Anwani ya kwanza ni jina la dala lenyewe, hakuna anayeishi ndani yake. Ya mwisho ni kama nduru: anayepiga ni mmoja, wanaosikia ni wote, kwa hiyo hakuna mtu anayepewa iwe yake peke yake. Zilizobaki ndizo za nyumba na simba, vile vibanda vya wavulana. Dani alitikisa kichwa, akasema huyo kweli ni Achieng' anaongea. Kisha akauliza, "Na rangach iko wapi?"

Sikumwelewa.

"Rangach! Lango! Umejenga dala, umezungushia ua, watu wako ndani. Watatoka wapi? Dala gani hiyo haina rangach, nyakwara, mjukuu wangu?"

Nilitafuta kwenye sura yako. Lango la mtandao lilikuwamo, lakini sura tano mbele, katika kurasa zile zile ambazo sasa zimepitwa. Pembeni mwa kurasa hizo umeandika, "Sielewi. Rudi." Tarehe ya kwanza. Chini yake, "Sielewi. Rudi," tarehe nyingine. Mara tatu. Nilisoma maneno hayo nikashindwa kuendelea. Maisha yangu yote sikujua kwamba kuna kitu hukukielewa. Wewe ulipanda ngazi sokoni Ndhiwa wanaume wakikuita fundi wa sketi, ukashuka mtandao unashika. Kumbe ulikuwa ukirudi nyumbani unaandika sielewi. Nilikustahi mara mbili.

Dani alidhani nalia kwa sababu ya swali lake.

Nilipofuta macho nikajaribu kile cha mwalimu. Polepole, sentensi baada ya sentensi, nikiigeuza kuwa Dholuo. Na katika sura ile ile ya kugawa mtandao, ukurasa unaofuata, lilikuwepo lango, na sababu ya lango kuwa ndani ya ua wenyewe na si kwa jirani. Nikamweleza Dani. Akauliza jingine, nikakuta jibu. Akauliza jingine, nikakuta. Tulikwenda hivyo mpaka mtama ukaisha. Kilikuwa kitabu kikavu, lakini kila Dani alipobisha, kilifungua.

Nikamwambia kwamba basi sitasoma cha Waya tena. Nilisema kwa sauti ndogo, nikiogopa atanielewa vibaya, maana wewe ulikuwa binti yake kabla ya kuwa shangazi yangu. Dani alipangusa ungo. "Achieng' alisoma hiyo kitabu ili aipite," alisema. "Hakusoma ili akae ndani yake. Wewe unataka kumuweka huko?"

Tangu siku hiyo nilisoma kipya. Dani alikuwa mtahini wangu, mkali kuliko yeyote. Alinikataza kusema neno la Kiingereza kabla ya kumwonyesha kitu chenyewe. Jirani akipita alimwambia, "Huyu anasomea ule ufundi wa dada ya baba yake," na sauti yake, Waya, ungeisikia. Hata bunda lile nilipata cha kulifanyia. Nililipitia lote nikitafuta kwa nini si B. Majibu kumi na manne yalikuwa na makosa. Nilirudi saiba nikamwonyesha yule kijana, moja baada ya jingine, kwa sauti inayosikika. Hakucheka. Akaniuliza nimesoma wapi, nikamjibu, "Kwetu."

Ya chumba cha mtihani siruhusiwi kusimulia, nilitia sahihi, na Baba pia alitia kwa sababu bado sijafika umri. Najua wewe huwezi kumwambia mtu, lakini sahihi ni sahihi. Nitasema tu kwamba kuna mahali nilikwama, kila kitu kikionekana sawa na bado hakishiki, nikamsikia Dani akiuliza swali lake. Nikatazama. Lango lilikuwa kwenye dala la jirani.

Mwalimu wa Kiswahili ametaka niandike insha kuhusu mtihani huu isomwe mbele ya shule. Ni yule yule aliyenipigia mstari mwekundu kidato cha kwanza nilipoandika "Waya alinifundisha kusoma," akauliza pembeni, "Waya upi, wa stima?" Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta, ukasema nimwambie wote wawili. Safari hii nimeandika "Waya" mara tisa na sijaeleza. Kwetu kila mtoto anajua kwamba dada ya baba ni waya, na mwalimu amekaa hapa vya kutosha.

Cheti kimechapishwa. Kina jina langu tu, hakina nafasi ya jina la pili, niliuliza. Ouma amekipiga picha anawaonyesha watu wa Osiri kana kwamba ni mtoto wake aliyezaliwa. Kuna kazi moja walinyimwa mwaka jana. Wameitwa tena kuzungumza.

Na wasichana wawili wa darasa langu wamenijia kuniuliza wasome kitabu gani. Nilikaribia kuwaambia tu jina la kile cha mwalimu. Badala yake nimewaambia waje Jumamosi maktabani, kila mmoja na mtu wa nyumbani kwao kichwani, yule asiyekubali jibu la C. Nitalazimika kuongea saa nzima. Tayari nayapanga maneno.

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii, nami naiandika kwa kalamu, si penseli. Sitamwambia mtu kwamba ilikuwa rahisi. Akiniuliza mahali nilipokwama, nitafungua ukurasa nimwonyeshe.

Oriti, Waya. Pumzika, umefanya kazi.

Mtoto wa kaka yako,
Adhiambo