Kaputula Zile Nilizikata Mimi

Mama Pilar mpendwa,

Barua hii ninaiandika mara mbili. Moja itakufikia huko kwenu Hispania. Ya pili nitaibandika kwenye mlango wa parokia hapa Musonoi, Jumapili kabla ya misa, asome anayejua kusoma. Unanijua. Darasani ulikuwa ukiniuliza kwa Kifaransa, ninaangalia viatu. Ukiniuliza kwa Kiswahili, ninaangalia viatu vilevile. Mdomo wangu hauna nguvu. Mkono unazo.

Picha mpya ya ekipi ya mpira ya mdogo wako imefika. Ngalula, mfungaji wetu, alinipokonya, akaitazama sana, akasema hawa wanawake sasa wanakula vizuri. Unakumbuka picha ya kwanza uliyotuonyesha? Kiwanja cha mawe, mashati ya kuazima, mdogo wako goti limefungwa kitambaa. Ulituambia walikuwa wakibadilisha nguo nyuma ya lori, na wanaume wanakuja kuwacheka tu, kuwaambia warudi nyumbani waoshe sahani. Mdogo wako akawajibu, “Tumeshaosha asubuhi.” Sasa unaandika kwamba wameshinda jimbo lao lote, wameingia ligi ya nchi nzima, na wale waliocheka wanapanga mstari wapate tiketi.

Sisi kiwanja tulikilima wenyewe, siku za salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, Jumamosi kwa Jumamosi, tukiondoa mawe yanayoteremka kutoka kilima cha udongo wa mgodi. Tulicheza na bikwembe, vitenge vya kujifunga kiunoni, maana mwanamke wa Zaïre hana ruhusa ya suruali, sembuse kaputula. Kikwembe kinafunguka, kinakamata miguu. Ngalula alianguka mara tatu mbele ya goli tupu. Wewe ulitusihi twende polepole.

Mimi sikwenda polepole. Nilikusanya salopeti kuukuu za kazi za batata betu, baba zetu wa mgodini, nikachukua mkasi wa mama, nikakata na kushona kaputula kumi na moja. Sikukuambia. Jumapili ile tulirundika bikwembe nyuma ya goli langu, tukacheza miguu wazi. Tulifungwa mabao manne, yote yalipita mikononi mwangu, na bado sijaona siku nzuri kama ile.

Kesho yake Mukubwa wa cité, mtaa wetu wa wafanyakazi wa mgodi, akaja shuleni, akazichukua zote, akatupanga mstari.

“Nani njo alikata hizi kaputula?”

Nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Kidole changu kilikuwa bado na tundu la sindano. Ulinitazama kidogo tu, ukamwambia, “Ni mi, tata.”

Nami nikaangalia viatu.

Wiki mbili hazikuisha, wakubwa wako wa utawa wakakurudisha kwenu. Watu walisema ni ugonjwa. Nilikubebea sanduku mpaka stesheni, na hata pale niliangalia viatu. Wewe ukaniinamia: “Shona zingine. Zile zingechakaa tu.”

Basi nimeshona. Na wiki hii Mukubwa amerudi, ametangaza kwamba mzungu aliyepoteza batoto ameondoka, kwa hiyo mchezo umekwisha. Haujakwisha. Haukuanzishwa na mzungu peke yake. Mawe tuliyatoa sisi, mishono ni yangu, na Jumapili baada ya misa tunacheza na wasichana wa kule mjini, na kaputula. Anayetaka kucheka aje. Sisi pia tutakuwa tumeosha sahani asubuhi.

Ninaogopa, sitakudanganya. Tata anafanya kazi kwenye kampuni ya mgodi, na Mukubwa ana marafiki huko. Kwa hiyo nilipofika mstari huu nilimpa Tata barua hii. Akaisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Halafu akaingia chumbani, akatoka na salopeti yake moja iliyochanika mgongoni, akaniwekea mapajani.

“Miguu yake iko bado mizima,” akasema.

Imetoka kaputula ya kumi na mbili. Iko ndani ya kifurushi hiki, ya mdogo wako. Mwambie doa lile la kijani ni la shaba, halitoki hata kwa sabuni gani. Nilijaribu.

Ubaki na amani, Mama. Na kama Mukubwa amesimama hapa mlangoni anasoma, anatafuta jina la kuandika, asihangaike. Hili hapa.

Mutoto wako, gardien wa goli la Musonoi,
Kayowa