Baba, Kwa Nini Ulichagua Mpapai

Mpendwa Baba,

Mbele ya nyumba yetu hapa Makanyagio jua bado linapiga mpaka mlangoni. Mtaa mzima una kivuli isipokuwa sisi, na bodaboda wanaotafuta pa kupumzika wanatupita wakienda kwa majirani. Nimekukasirikia kwa hilo tangu tulipokuzika.

Unakumbuka mwenyekiti wa mtaa alipotaka kila nyumba ichague mti wa kupanda kando ya barabara? Mama alitaka mkungu, aliyapenda matawi yake yanavyotanda. Majirani wakachukua mikungu na mijohoro. Wewe ukarudi na mche wa mpapai. Watu walicheka, nami niliona aibu sana, maana mpapai hauna kivuli hata cha kuku.

Mama alikwambia taratibu, "Mzee, safari hii tumefika."

Ukamjibu, "Hata kule tulifika."

Kule ni Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, ulikokimbilia ukiwa kijana kutoka Burundi. Hamkupanda mti unaochelewa, kwa kuwa kila mara zilikuja habari kwamba mtahamishwa. Mlipanda mihogo, mahindi na mipapai, vya kula upesi. Hata ulipopata uraia, cheti ulikifunga kwenye nailoni mara tatu, lakini mikono yako haikuamini.

Mpapai ulizaa misimu michache, shina likaoza. Wewe nawe ukafuata.

Sasa Mama hatembei tena. Ndani kuna joto la bati, naye anapenda kukaa nje asikie watu wakipita. Namweka kwenye kivuli cha ukuta, nahamisha kiti kila kivuli kinaposogea. Ikifika saa sita hakuna tena pa kusogea, namrudisha ndani. Inaniuma, Baba.

Mwezi uliopita nilinunua mkungu. Najua hatakaa chini yake, ila alifurahi mno. Mche uko uani, bado kwenye kiriba chake cha nailoni. Kila asubuhi naumwagilia, nachukua jembe, halafu nasimama tu. Mimi sijawahi kufukuzwa popote, na bado siwezi kuchimba hilo shimo. Siwezi kukulaumu tena, wala sijui nimlaumu nani.

Jana Mama aliniuliza kama nimeshaupanda. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nikamjibu ndiyo. Ameomba kesho nimpeleke akauguse.

Pumzika, wewe uliyechoka kuhama.

Kitindamimba wako