Viti Viwili au Vinne

Ludlow, Jumapili

Alwyn mpenzi,

Tilly wetu ameota jino na ananing'ata kwelikweli. Jana Bwana Garnett alikuja kuchukua gari moja kati ya yale mawili aliyotuachia baba yako.

"Mama Tilly, mumeo kaandika niuziwe Morris," akacheka. "Na mtoto mtamfunga juu ya boneti ya MG?"

Nimeyajaribu yote. MG inakimbia kama sungura, ila ina viti viwili tu. Morris inapanda mlima taratibu, lakini kikapu cha Tilly kilienea kwenye kiti cha nyuma, akalala fofofo.

Barua zako tatu kutoka Aberdeen hazimtaji mtoto, wala siku ya kurudi.

Nimemuuzia MG. Njoo unigombeze hapa hapa nyumbani. Nimeshajua kuendesha, kiti cha kushoto ni chako.

Akupendaye,
Hettie