Rediata Iliyokosa Mnunuzi

Jumamosi, Newala

Rediata imerudi stoo. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika kwa makosa kwenye orodha ya mnada kama chuma chakavu, rediata ya akiba ya kupoza injini ya Landrova ya ofisi yetu, inayowapeleka wajawazito hospitali Masasi. Vipuri vya zamani vimeadimika. Wachuuzi wa Dar wanavisomba vyote. Ofisini watu wanapunguzwa, nikajua ikiuzwa tu, anayefuata ni mimi.

Leo mnadani mchuuzi mmoja aliishika. Baba Hamisi, fundi wa Mkunya, akacheka: "Mjomba, hiyo imetoboka. Unataka chujio la chai?"

Ilikuwa nzima kabisa. Mchuuzi akaiacha, na hakuna mwingine aliyeitaka.

"Shikamoo, Baba Hamisi. Asante," nikamwambia.

"Marahaba. Irudishe ndani upesi, karani. Mama Hamisi anajifungua mwezi ujao."